Virgin Media: jina la kukodi juu ya kebo za waliofilisika

Tarehe 8 Februari 2007, kaya milioni kadhaa za Uingereza zilizokuwa zikilipia televisheni, simu na intaneti kwa kampuni ya ntl:Telewest zilijikuta zimekuwa wateja wa Virgin Media. Kebo iliyoingia ukutani ilikuwa ileile. King'amuzi kilikuwa kilekile, na namba ya simu haikubadilika hata tarakimu moja. Kilichobadilika ni jina juu ya bili na rangi nyekundu iliyokuja nalo. Tangu hapo siku hiyo imekuwa ikitajwa kama mfano wa namna chapa mpya inavyoweza kufufua kampuni iliyochukiwa na wateja wake.

Simulizi hilo linalipa jina sifa isiyo yake. Kampuni hiyo haikuokolewa na jina. Iliokolewa na vitu viwili vilivyotangulia: kebo iliyokuwa imeshalala chini ya barabara, na watu waliokwisha kupoteza mabilioni kuilaza pale. Jina lilikuja mwishoni, likakodiwa, likavuna. Nalisema hili kwa sababu tukiliamini simulizi la chapa tutaendelea kudhani kwamba huduma mbovu hutibiwa na wabunifu wa nembo, wakati tiba yake iko kwenye mitaro, kwenye vitabu vya madeni na kwenye ofisi ya mdhibiti.

Habari inaanza mbali kidogo. Mwaka 1982 jopo la washauri wa serikali ya Margaret Thatcher kuhusu teknolojia ya habari lilipendekeza nchi itandazwe kebo, fedha zitoke kwa sekta binafsi, na mapato ya burudani ndiyo yagharamie ujenzi. Sheria ya Kebo na Utangazaji ya mwaka 1984 ikaunda mamlaka ya kutoa leseni kwa maeneo: mji huu kwa kampuni hii, mtaa ule kwa ile. Lakini mwaka huohuo bajeti ya waziri wa fedha, Nigel Lawson, ilianza kufuta nafuu za kodi kwa wanaowekeza kwenye mitambo, na wenye fedha wa Uingereza, ambao tangu mwanzo walikuwa na wasiwasi, wakarudi nyuma. Serikali ilifungua mlango kwa mkono mmoja na kuufunga kwa mwingine.

Waliobaki na hamu walikuwa Wamarekani na Wakanada. Hamu yao ilikuwa na sababu nzuri. Kwao Marekani, kampuni za simu zilizuiwa na sheria kutoa televisheni ya kebo katika maeneo zilikotoa simu. Uingereza ziliweza kufanya yote mawili kupitia mtaro mmoja. Mwaka 1991 serikali ilimaliza ukiritimba wa wawili, BT na Mercury, kwenye simu, ikawaruhusu wa kebo kuuza simu kwa jina lao wenyewe, huku BT ikizuiwa kwa miaka kupeleka burudani ya televisheni kwenye laini zake. Kwa kampuni za simu za Marekani kama Nynex, US West na Southwestern Bell, Uingereza ikawa uwanja wa kujifunzia biashara ambayo nyumbani kwao ilikuwa haijaruhusiwa.

Kwa hiyo mitaa ikachimbuliwa. Katika muongo wa 1990 kampuni za kebo zilipasua njia za waenda kwa miguu katika miji karibu yote mikubwa ya Uingereza, zikakata mizizi ya miti, zikaacha viraka vya lami na makabati ya chuma kwenye kona. Watu walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini kazi hiyo ndiyo msingi wa kila kilichofuata. Sehemu kubwa ya gharama ya mtandao wa mawasiliano huenda kwenye kuchimba, kulaza mabomba, kupata vibali na kufukia. Waya na vifaa huja nyuma sana. Aliyemaliza kuchimba ana kitu ambacho mshindani wake hawezi kukinunua dukani. Kampuni zile zilichimba kwa fedha za mkopo, katika maeneo zaidi ya mia moja ya leseni, kila moja na vifaa vyake, ramani zake na mfumo wake wa bili. Urithi huo wa viraka ungewatesa wateja kwa miaka mingi.

Majina ya wakati ule leo hayakumbukwi sana: Diamond Cable, Videotron, Bell Cablemedia, Nynex CableComms, ComTel, Comcast UK, General Cable, Eurobell, Birmingham Cable. Kila jina lilikuwa kampuni yenye magari, mafundi na ahadi. Kati ya 1997 na 2000 yote yakamezwa. Cable & Wireless Communications iliundwa mwaka 1997 kwa kuunganisha Mercury, Nynex, Bell Cablemedia na Videotron. Telewest, ambayo nyuma yake walikuwapo US West na TCI, kampuni ya kebo ya Marekani, ikachukua General Cable na baadaye Eurobell. NTL ikachukua Comcast UK, ComTel na Diamond, kisha mwaka 2000 ikabeba wateja wa nyumbani wa Cable & Wireless Communications kwa pauni bilioni 8 na ushei.

NTL yenyewe inastahili maelezo, kwa kuwa hapo ndipo mchezo wa majina unapoonekana wazi. Ilianzishwa mwaka 1993 na Wamarekani wawili, Barclay Knapp na George Blumenthal, ikiitwa International CableTel. Mwaka 1996 ilinunua National Transcommunications Limited, kampuni ya minara iliyokuwa idara ya uhandisi ya mamlaka ya utangazaji huru kabla haijabinafsishwa mwaka 1991. Wanunuzi wakachukua mnara, na pia wakachukua jina. Kampuni changa ya kebo, yenye hatifungani nyingi kuliko wateja, ikavaa herufi tatu za wahandisi waliokuwa wamerusha matangazo ya televisheni ya nchi kwa miongo. Hilo lilikuwa zoezi la kwanza la kuazima heshima. Miaka kumi baadaye kampuni hiyohiyo ililirudia kwa gharama kubwa zaidi.

Heshima ile ya herufi tatu ilidumu kidogo. Kufikia mwaka 2001 wateja wa NTL walikuwa wameibandika jina la utani, NTHell, wakiifananisha na jehanamu. Haikuwa chuki ya bure. Kampuni ilikuwa imenunua haraka kuliko ilivyoweza kuunganisha. Mteja aliyekuwa wa Cable & Wireless alikuwa na rekodi kwenye mfumo mmoja, wa Diamond kwenye mwingine, na mhudumu aliyepokea simu hakuwa na uwezo wa kuona yote. Bili zilikosewa, mafundi hawakufika, simu zilisubirishwa. Mtu aliyeona tatizo la jina hapo alikuwa anatazama kivuli. Ugomvi ulikuwa wa hifadhidata na wa uongozi uliotumia jioni zake kutafuta kampuni nyingine ya kununua.

Nyuma ya ununuzi huo kulikuwa na aina ya deni ambayo soko la miaka ile liliipenda mno: hatifungani za riba kubwa, nyingine zikiwa haziilazimu kampuni kulipa riba yoyote kwa miaka ya mwanzo. Riba inajilimbikiza, kampuni inachimba, na wote wanakubaliana kwamba siku ya kulipa ikifika wateja watakuwa wengi wa kutosha. Wateja hawakuwa wengi wa kutosha. Nyumba nyingi zilizopitiwa na kebo hazikujiunga, na ambazo zilijiunga zilitazama chaneli ambazo kampuni za kebo zilizinunua kwa jumla kutoka kwa Sky, mshindani wao mkubwa. Sky ilianza matangazo ya dijitali ya setilaiti mwaka 1998 na mwaka uliofuata ikaanza kugawa ving'amuzi bure. Wa kebo walikuwa bado wanajenga.

Mei 2002 NTL iliomba ulinzi wa mahakama ya New York chini ya sura ya 11 ya sheria ya kufilisika ya Marekani. Hisa ambayo mwanzoni mwa 2000 iliuzwa kwa zaidi ya dola 100 ilikuwa imeporomoka hadi senti. France Télécom, iliyoweka mabilioni ndani ya NTL, iliyafuta kwenye vitabu vyake. Deni la zaidi ya dola bilioni 10 likageuzwa kuwa hisa, na Januari 2003 kampuni ikatoka mahakamani ikiwa nyepesi, mali ya wenye hatifungani. Telewest ilipitia njia kama hiyo na kumaliza mwaka 2004: wenye hatifungani wakachukua karibu kampuni yote, na wanahisa wa zamani wakabaki na asilimia 1.5.

Hii ndiyo siku ya kweli ya kuzaliwa kwa Virgin Media, ingawa jina halikuwapo bado. Fikiria nyumba iliyojengwa kwa mkopo mzito, mjenzi akashindwa, mnunuzi wa pili akaichukua kwa sehemu ndogo ya gharama. Mnunuzi wa pili anaweza kupangisha kwa bei nafuu na bado akapata faida, na wapangaji watamsifu kwa ustadi. Kebo ya Uingereza ilijengwa na wajenzi wa kwanza, ikaanza kulipa ilipofika kwa wa pili. Kati yao kulikuwa na hasara ambayo haikufutika kwa uchawi. Ilitua kwenye mifuko ya wawekezaji, ikiwemo ile inayolinda akiba za watu wa kawaida. Ninapoisoma sifa ya Virgin Media kwenye vitabu vya masoko, naona ukurasa huu haupo, na naona kukosekana kwake ni dhuluma dhidi ya ukweli.

Kuungana kwa NTL na Telewest kulikamilika Machi 2006. Kwa mtazamo wa ushindani kulikuwa na jambo la pekee: kampuni hizi mbili kubwa hazikuwa zikigombea wateja. Leseni za kimaeneo zilizigawa tangu mwanzo, kila moja na miji yake, kwa hiyo mkazi wa eneo la kebo hakuwahi kuchagua kati yao. Mamlaka ya ushindani haikuona haja ya kuzuia. Kilichopatikana ni mtandao mmoja unaopita karibu nusu ya nyumba za nchi, na ofisi mbili za bili za kufunga moja.

Kabla hata ya kumaliza muungano huo, NTL ilikuwa imeanza kuzungumza na Virgin Mobile. Ofa ya kwanza, Desemba 2005, ilikataliwa kwa kuwa ndogo. Iliyopandishwa ilikubaliwa, na Julai 2006 ununuzi ukakamilika kwa takriban pauni milioni 962. Virgin Mobile ilikuwa kampuni ya simu za mkononi isiyo na mnara hata mmoja. Tangu 1999 iliuza muda wa maongezi juu ya mtandao wa One2One, uliokuja kuitwa T-Mobile. Mali zake kuu zilikuwa wateja milioni 4 na ushei, na jina. Hata jina hilo halikuwa lake. Lilikuwa la Richard Branson na kundi lake.

Hapo ndipo mkataba wa pili unaingia, ule ambao kwangu una uzito kuliko ununuzi wenyewe. NTL ilipewa leseni ya kutumia jina la Virgin kwa miaka 30, kwa mrabaha wa asilimia 0.25 ya mapato yanayohusika, usiopungua pauni milioni 8.5 kwa mwaka. Branson alichukua malipo yake ya Virgin Mobile kwa sehemu kubwa katika hisa, akawa mwanahisa mkubwa kuliko wote, na zaidi ya asilimia 10. Kampuni iliyokuwa na maelfu ya kilomita za kebo ardhini ikamlipa kodi mwenye jina. Anayetaka kujua thamani halisi ya sifa iliyoharibika aitazame namba hiyo: NTL iliona ni nafuu kulipa mrabaha kwa kizazi kizima kuliko kujaribu kulisafisha jina lake lenyewe.

Je, uamuzi ulikuwa mbaya? Sidhani. Ulikuwa wa busara kwa kampuni. Televisheni, intaneti, simu ya mezani na simu ya mkononi zikawekwa kwenye bili moja, jambo ambalo kampuni nyingine ya Uingereza haikuwa ikilifanya wakati ule. Jina la Virgin lilikuwa na uchangamfu uliojengwa kwenye muziki na ndege, na watu waliokuwa wakikata simu wakisikia NTL walikuwa tayari kusikiliza. Lakini jina liliweza kufanya hilo tu: kumfanya mtu asikilize. Baada ya hapo fundi bado alitakiwa afike.

Mwaka wa kwanza ulionyesha mipaka ya jina kwa ukatili. Novemba 2006 NTL ilikuwa imejongelea ITV, kampuni kubwa ya televisheni ya kibiashara, ikitaka kuunganisha kebo na watengenezaji wa vipindi. Sky ikawahi: tarehe 17 Novemba ilinunua asilimia 17.9 ya ITV kwa pauni milioni 940, na mpango wa kebo ukafa palepale. Wadhibiti walikuja kuiamuru Sky ipunguze hisa hizo hadi chini ya asilimia 7.5, nayo ikaziuza kwa hasara kubwa, lakini lengo lilikuwa limetimia. Kisha, wiki tatu tu baada ya uzinduzi wa chapa nyekundu, mazungumzo ya bei kati ya pande hizo mbili yakavunjika. Tarehe 1 Machi 2007 chaneli za msingi za Sky, zikiwemo Sky One na Sky News, zikatoweka kwenye skrini za Virgin Media. Kaya zaidi ya milioni 3 zikazikosa, na hazikurudi hadi Novemba 2008.

Matangazo ya biashara ya miezi ile yalimtumia Uma Thurman. Yalikuwa mazuri. Wateja makumi ya maelfu wakaondoka vilevile. Mtu aliyejiunga ili atazame vipindi anavyovipenda hakubaki kwa sababu ya mwigizaji wala nembo. Mkurugenzi mtendaji, Steve Burch, aliondoka kabla mwaka haujaisha, na Neil Berkett akashika usukani.

Kilichoigeuza hali kilikuwa chini ya ardhi muda wote. Laini ya simu ya BT ilikuwa jozi ya nyaya nyembamba za shaba zilizobuniwa kupitisha sauti, na mawimbi ya intaneti hudhoofika juu yake kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo. Kebo ya televisheni ni kitu kingine. Ni waya wa shaba uliozungukwa na kinga, wenye nafasi ya masafa mengi zaidi, na unafika nyumbani ukitokea kwenye kabati la karibu ambalo lenyewe limeunganishwa kwa faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Ulitengenezwa kubeba makumi ya chaneli za televisheni, na chaneli zikibanwa kidijitali, nafasi inabaki. Mbinu iitwayo DOCSIS inaichukua nafasi hiyo na kuigawia intaneti, na toleo lake la 3.0 liliweza kuunganisha njia kadhaa kuwa moja pana.

Desemba 2008 Virgin Media ikaanza kuuza intaneti ya megabiti 50 kwa sekunde. Wengi waliotegemea laini ya simu wakati ule waliahidiwa hadi 8, na wachache walizipata. BT haikuanza kuuza huduma yake ya faiba hadi kwenye kabati, ya hadi megabiti 40, mpaka Januari 2010, na kufikia mwisho wa mwaka huo Virgin Media ilikuwa inazungumzia 100. Kasi hizo hazikuhitaji kuchimba upya mtaa wowote. Vifaa vilibadilishwa kwenye ncha mbili za kebo, na mtaro uliochimbwa na Nynex au Diamond muongo uliopita ukaendelea na kazi. Jina jipya likapata sifa ya kasi, na miaka michache baadaye Usain Bolt akawa uso wa matangazo yake. Kasi ilitoka kwenye mtaro.

Haikuwa safi yote, na msifuji wa kebo lazima aseme hivyo. Nyumba za mtaa mmoja hugawana uwezo wa kabati moja, kwa hiyo jioni, wote wakiwa nyumbani, kasi ilishuka. Kampuni ilianza kuwabana kwa muda watumiaji wakubwa saa za msongamano. Kasi ya kupakia faili ilibaki ndogo sana ikilinganishwa na ya kupakua. Na matangazo yaliiita huduma hiyo ya faiba, ingawa kipande cha mwisho kilichoingia nyumbani kilikuwa shaba. Mdhibiti wa matangazo aliliruhusu hilo, na mshindani aliyejenga faiba hadi mlangoni, CityFibre, alipokwenda mahakamani kulipinga alishindwa mwaka 2019. Naona mahakama ilifuata sheria, na naona pia mteja alinyimwa namna rahisi ya kutofautisha vitu viwili tofauti.

Katika miaka hiyo kampuni ilijiondoa kimyakimya kwenye ndoto ya kutengeneza vipindi. Kitengo kilichorithiwa kutoka Telewest, Flextech, kilipewa jina la Virgin Media Television, kikaanzisha chaneli ya Virgin1 mwaka 2007, kisha mwaka 2010 kikauzwa, kwa nani kama si kwa Sky. Mwaka uliofuata hisa zake ndani ya UKTV, ubia na BBC, zikauzwa pia. Nakubaliana na uamuzi huo. Ni wachache sana wanaofanikiwa kuwa mtaro na studio kwa pamoja, na kampuni ya kebo iliyokuwa bado na deni la mabilioni haikuwa na sababu ya kushindana kwa kununua tamthilia.

Ushahidi kwamba thamani ilikuwa kwenye kebo ulikuja Februari 2013. Liberty Global ya John Malone, bwana wa kebo ambaye TCI yake ilikuwa miongoni mwa wazazi wa Telewest miaka ishirini kabla, ilitangaza kuinunua Virgin Media kwa thamani ya takriban dola bilioni 23.3. Malone alirudi kununua kitu ambacho upande wake ulishiriki kukijenga, baada ya wengine kubeba hasara ya kati. Liberty haikuwa na haja ya chapa. Barani Ulaya ilikuwa na zake kadhaa. Ilinunua nyumba zilizounganishwa. Na mwaka 2015 ikafanya jambo ambalo kwa mkazi wa kawaida lilikuwa na maana kuliko siku ya nembo nyekundu: ikatangaza pauni bilioni 3 za kupeleka mtandao kwenye nyumba na biashara milioni 4 zaidi. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 1990, kebo ya Uingereza ikaanza tena kuchimba kwa kiwango kikubwa.

Hapa nina lawama ya wazi, na siielekezi kwa kampuni peke yake. Mtandao wa BT ulilazimishwa kufunguliwa kwa kampuni nyingine kwa bei zilizosimamiwa na Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano. Ndiyo maana mtu mwenye laini ya simu aliweza kuchagua kati ya kampuni nyingi. Mtandao wa kebo haukuwekewa sharti hilo. Hoja ilikuwa kwamba kebo ni mshindani wa BT, haina nguvu ya kutawala soko zima, na aliyejenga kwa mtaji wake asilazimishwe kugawana. Mwaka 1995 hoja hiyo ilikuwa na nguvu, kwa sababu waliojenga walikuwa wakihatarisha fedha zao. Baada ya 2003 wamiliki walikuwa wengine, na hatari ilikuwa imeshalipiwa na waliotoka. Katika mtaa ambao laini ya simu ilitoa kasi duni na kebo ikatoa kasi nzuri, mkazi alikuwa na muuzaji mmoja tu wa intaneti inayofaa, na muuzaji huyo alijua. Ndiyo mazingira yanayozaa bei zinazopanda kila mwaka na ugumu wa kujitoa. Julai 2023 Ofcom ilifungua uchunguzi rasmi kuhusu malalamiko kwamba Virgin Media inawafanya wateja wahangaike kuvunja mikataba yao. Miaka 16 ya chapa iliyopendwa, na lalamiko likawa la aina ileile ya enzi za NTL: simu isiyofika kwa mtu wa kukusaidia.

Marekani imepita njia hiyohiyo. Comcast ilianza kuuza huduma zake kwa jina la Xfinity mwaka 2010, na Charter ilipoinunua Time Warner Cable mwaka 2016 ikalifuta jina hilo mitaani na kuweka Spectrum. Kote huko jina lilibadilika pale ambapo mteja hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Juni 2021 Virgin Media iliunganishwa na O2, kampuni ya simu za mkononi ya Telefónica ya Hispania, katika ubia wa nusu kwa nusu, thamani yake ikitajwa kuwa pauni bilioni 31. Mwezi uliofuata kampuni mpya ikatangaza kwamba mtandao wote utageuzwa kuwa faiba hadi mlangoni ifikapo 2028. Shaba ya miaka ya 1990 imefikia mwisho wa uwezo wake, lakini bomba lililoibeba halijafikia. Mahali pengi faiba inaweza kupita ndani ya mabomba yaleyale, na ndiyo sababu mpango huo unawezekana kwa gharama ambayo mjenzi mpya hawezi kuifikia. Ubia mwingine, nexfibre, ulioanzishwa mwaka 2022 pamoja na InfraVia, mwekezaji wa miundombinu, unajenga faiba kwenye maeneo mapya, na safari hii mtandao unakusudiwa kukodishwa kwa watoa huduma wengine pia. Kilichokataliwa kwa miaka ishirini kimeanza kukubaliwa, kwa kuwa washindani wa faiba sasa wanachimba mitaa ileile na mtandao usio na wapangaji wa kutosha ni deni tupu. Ofcom ingeweza kudai hilo mapema zaidi, angalau kwenye mitaa ambako kebo haikuwa na mpinzani wa maana, na naamini ingefaa ifanye hivyo.

Na Virgin Mobile, kampuni ambayo NTL ililipa karibu pauni bilioni moja ili ipate mlango wa jina? Mwaka 2023 wateja wake walianza kuhamishiwa O2, na chapa hiyo ikaondolewa kwenye biashara ya simu za mkononi. Kwenye intaneti ya nyumbani jina la Virgin bado liko, na leseni ya awali, ikihesabiwa kuanzia 2006, inafika 2036. Kwa ratiba iliyotangazwa, kufikia wakati huo faiba itakuwa imeshakaa miaka minane ndani ya mabomba yaliyolazwa na kampuni ambazo hazipo tena, na wamiliki watakaa mezani kuamua kama wanahitaji kuendelea kulipa mrabaha.